Mzee aliyechora bahari huku kaipa mgongo

Shoga yangu,

Assalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na wanao na mama mkubwa, sie huku Tanga hatujambo alhamdulillah, ila kusi limekaza, vyombo vingi vimefungwa havitoki, na hao samaki wachache wanaofika soko la Deep Sea bei yake ukitajiwa unajifanya hukusikia. Nimeona nikuandikie tu maana voisi ingekuwa ndefu na bando lako nalijua.

Sasa hayo malalamiko yako. Nimekusikiliza mwanzo mpaka mwisho nikiwa napaa samaki. Ati umechoka kuchora majahazi, ati mwenye hoteli anataka jahazi lilelile, jua linazama, mnazi pembeni, na wewe unafungua picha kwenye simu unaigiza, ukimaliza unaangalia unaona buluu tu imelala pale, haina roho. Ukasema labda umeishiwa. Hujaishiwa bwana, acha maneno hayo. Mie uchoraji siujui, ninachokijua ni samaki na vyombo, lakini picha zako nazitazama tangu tuko chuoni unachafua ukuta wa maalim kwa mkaa, kwa hiyo haki ya kusema ninayo, na leo nataka nikuhadithie mtu.

Anaitwa Ivan Aivazovsky. Usikimbie jina. Mtoto wa dada'angu ndo alinionyesha picha yake kwenye simu, nikadhani ni ya kamera, nkamwambia huyu mpiga picha kapanda chombo gani bahari yote ile, akanicheka, akasema shangazi hiyo imechorwa kwa mkono mwaka 1850. Toka hapo nikawa namfuatilia huyo mzee kila nikipata nafasi, mpaka mume wangu akaanza kuuliza naongea na nani usiku.

Kazaliwa 1817 mji unaitwa Feodosia, uko Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Mji wa bandari, kwa asili yao ni Muarmenia, baba yake alikuwa mfanyabiashara ila tauni ilipopita pale 1812 ikamfilisi, kwa hiyo yule mtoto kakulia kwenye shida. Yeye naye alianzia kwenye kuta, na mkaa, usicheke, ni kweli kabisa. Wakubwa wa mji wakamwona wakamshika mkono, ilipofika 1833 yuko St Petersburg kwenye chuo kikuu cha sanaa cha Urusi. Huko nako fitina hazikukosa. Mwaka 1836 alitundika picha zake kwenye maonyesho, kumbe kulikuwa na mchoraji wa Kifaransa anaitwa Tanneur, mchoraji wa bahari na yeye, ambaye ilitakiwa huyu kijana awe msaidizi wake. Mfaransa akaona huyu dogo kaonyesha picha bila ruhusa yangu, akaenda kumsemea kwa mfalme, Nicholas wa Kwanza, na mfalme akaamuru picha zote zishushwe ukutani. Hebu fikiria, una miaka kumi na tisa, picha zako zinashushwa kwa amri ya mfalme! Baadaye watu wakamwombea, akasamehewa, na mwaka uliofuata akapata medali ya dhahabu. Kwa hiyo huyo mwenye hoteli wako anayekununia kwa ajili ya mnazi, shoga, wewe mwache anune.

Lakini hayo siyo niliyotaka kukwambia. Nilichotaka kukwambia ni hiki hapa: huyu mtu alikuwa hachori bahari akiwa anaitazama. Alijenga nyumba kubwa Feodosia, ufukweni pale, bahari iko mlangoni, halafu chumba chake cha kuchorea madirisha yakawa yanaangalia uani. Uani! Mie niliposoma hapo nikarudia mara mbili. Kila mtu angefungua dirisha kubwa upande wa maji ale upepo, yeye kaipa bahari mgongo.

Na sababu alikuwa nayo, tena aliisema mwenyewe. Alisema radi, mvumo wa upepo, maji yanavyoruka wimbi likipiga, hivyo vitu havikai ukavichora, hata ukikodoa macho namna gani, ukishatia brashi kwenye rangi vishapita. Kwa hiyo mchoraji inabidi aviweke kichwani kwanza. Akaenda mbali zaidi, akasema mtu asiye na kumbukumbu ya kushika vile alivyoviona anaweza kuwa mnakili hodari, kamera yenye uhai, lakini msanii hasa hawezi kuwa. Kamera yenye uhai, shoga! Na hapo simu za mkononi bado kabisa. Hebu jiangalie ulivyoinama juu ya kioo cha simu unahesabu mawimbi ya picha aliyopiga mtalii.

Alipokuwa kijana Italia, huko alienda 1840 kwa gharama ya chuo, alijaribu njia zote mbili. Picha moja alikaa palepale mbele ya mandhari akaichora kwa subira kila kitu mahali pake, nyingine akaichora chumbani kwa kichwa. Watu walipoletewa zote wakajazana mbele ya ile ya kichwa, ile nyingine iliyotokana na kukodoa macho wakaipita tu. Toka siku hizo akashika njia moja. Na soko likamkubali hukohuko, hata Papa wa Roma, Gregory wa Kumi na Sita, alichukua picha yake moja.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukadhani alikuwa anabuni tu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kwanza. Mwaka 1839 alipanda meli za kivita za Urusi wakaenda naye mpaka pwani ya Kaukazi, akaishi na mabaharia, akajuana na maamiri wakubwa wa wakati ule. Katika safari zake za Ulaya chombo alichopanda kilikutwa na dhoruba kali kule Ghuba ya Biscay, mpaka magazeti yakatangaza kwamba kafa, kumbe yuko hai. Alikuwa na kikaratasi na penseli, akiona kitu anachora mistari miwili mitatu, hapa upeo wa maji, hapa mlima, basi. Mengine anabeba kifuani. Mtu kama huyo akikaa uani si mvivu, ni mtu aliyeshiba.

Na kazi yenyewe alikuwa anaifanya hivi, hapa soma polepole maana hapa ndo pana faida yako. Anaanza na mbingu. Mbingu yote anaimaliza kwa mkao mmoja, hata iwe masaa mangapi, hainuki, kwa sababu rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi ndo rangi moja inaingia kwenye nyingine bila kuacha mpaka, ukiiacha ikakauka ukarudi kesho utaona alama pale ulipoishia. Halafu ndo anashuka kwenye maji. Na maji hapigi rangi nzito mara moja, anapitisha rangi nyembamba sana, karibu uone turubai, kile kitambaa cha kuchorea, chini yake, juu yake anapitisha nyingine, mpaka wimbi linapitisha mwanga. Tazama ile ya 1850, inaitwa Wimbi la Tisa, iko St Petersburg, upana wake mita tatu na ushee. Angalia pale wimbi linaponyanyuka juu kabla halijavunjika, pale pembamba. Pana ukijani uleule unaouona ukinyanyua chupa tupu ya soda uielekeze juani. Sio rangi ya kijani imepakwa, ni jua liko nyuma ya maji. Wewe na mie tumeliona hilo mara ngapi tukiogelea Raskazone, wimbi linakuja unalitazama kwa chini kabla halijakufunika? Simu haikupi hicho kitu, simu inakupa maji yakiwa yameshakuwa buluu.

Ile picha nilimpelekea babu mmoja, nahodha wa zamani, siku hizi anakaa tu kivulini anashona nyavu za watu. Picha yenyewe ni asubuhi baada ya usiku wa dhoruba, meli imekwisha, watu wachache wameng'ang'ania kipande cha mlingoti na mawimbi yako juu yao, mabaharia wa zamani walikuwa wakisema mawimbi huja yakiongezeka na la tisa ndo baba yao. Babu akaishika simu mbali na uso, akaitazama kimya muda mrefu, nikadhani kasinzia. Halafu akasema, "Hili wimbi la mwambani hili. Kwenye kina wimbi halipindi kichwa namna hii, linapinda likishagusa chini." Nikaona basi, mzee wa watu kaumbuliwa na babu wa Tanga. Kumbe hajamaliza. Akaweka kidole pale kwenye mlingoti akasema, "Lakini hawa kweli. Mlingoti mtupu huwezi kuushika, unajiviringisha unakuzamisha, unaokoka na kamba zake." Akanirudishia simu, akaendelea na nyavu zake. Mie nadhani wote wawili wana haki. Mchoraji alitaka wimbi liwe na sura, akaliazima kutoka ufukweni akalipeleka kilindini, na wewe ukitazama unakubali mpaka pale akukute nahodha.

Ila nisikufiche, si kila kitu chake kinanipendeza. Wanasema alichora picha kama 6,000 maishani, na ukizipitia nyingi kwa pamoja unaanza kuona mwezi uleule, njia ya mwanga ileile juu ya maji, meli ileile imeinamia upande uleule. Hilo ndo tatizo la kuchora kwa kichwa, kichwa nacho kina mazoea. Mwishomwisho wachoraji vijana wa kwao walikuwa wanamwona kapitwa na wakati. Tena hadithi moja hainipendezi kabisa, kuna kijana maskini aliitwa Kuindzhi, alitembea kwa miguu mpaka Feodosia akitaka kufundishwa, wakamweka uani, kazi aliyopewa ya maana ni kupaka rangi ua wa nyumba. Na yule kijana akaja kuwa mchoraji mkubwa vilevile. Wakubwa wana mambo.

Kwa mji wake lakini, hapo namvulia viatu. Feodosia ilikuwa na dhiki ya maji, na wewe unajua dhiki ya maji ni nini, ndoo kichwani saa kumi alfajiri. Yeye shambani kwake alikuwa na chemchemi inaitwa Subash. Miaka ya 1887 na 1888 akaitoa kwa mji, ndoo 50,000 kila siku, yakavutwa kwa bomba mpaka mjini, na pakajengwa pahala pa kuchotea watu wakanywa bure. Kabla ya hapo 1880 alishafungua ukumbi wa picha nyumbani kwake watu waje watazame. Reli nayo alihangaikia mpaka ikafika mjini 1892. Hebu nitajie msanii wa huku mwenye uwezo huo, hata bango la barabarani hatulipwi kwa wakati.

Umbea kidogo, maana najua ndo ulikuwa unausubiri. Mke wa kwanza alimuoa 1848, Muingereza, alikuwa mwalimu wa watoto wa watu, wakazaa mabinti wanne, wakaachana. Mwaka 1882 akaoa tena, mjane wa Kiarmenia, mdogo kwake kwa miaka kama arobaini, mzee yuko sitini na tano! Na yule mwandishi Chekhov alimtembelea 1888, akaandika kwenye barua kwamba huyu mzee alijuana na Pushkin mwenyewe, yule mshairi mkubwa wa Urusi, lakini hajawahi kumsoma Pushkin, hajasoma kitabu hata kimoja, akiambiwa asome anasema asome ya nini wakati maoni yake anayo. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mjomba wetu wa Pangani huyo kabisa.

Na kiburi cha haki alikuwa nacho pia. Masultani wa Istanbul walimpenda, walimnunulia picha, wakampa nishani. Miaka ya 1890 Waarmenia walipouliwa kwa wingi katika dola ya sultani, akazichukua zile nishani akazitupa baharini. Mzee wa miaka karibu themanini huyo.

Sasa turudi kwako. Mwaka 1898 alipokuwa na miaka themanini alichora moja inaitwa Kati ya Mawimbi, kubwa kuliko ukuta wa sebule yangu, zaidi ya mita nne upana, na ndani yake hamna meli, hamna mtu, hamna mlingoti. Maji tu na mshale mmoja wa mwanga unashuka. Hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote, kushinda hata lile Wimbi la Tisa lenye sifa. Mtu kachora meli maisha yake yote mpaka akazitoa. Nikafikiri, huyu shoga yangu analia kuhusu jahazi, na jahazi lenyewe si lazima.

Maana kuna vitu vya bahari yetu yule mzee hakuwa navyo. Bahari Nyeusi haijai wala haikupwi, maji yako palepale asubuhi na jioni, tofauti yake vidole tu. Sie bamvua likija maji yanakimbia zaidi ya mita tatu kwenda chini, Sahare unatembea mpaka uchoke hujayakuta, mashua zimelala ubavu kwenye tope, wanawake wamejifunga khanga wanatanda uduvi, ngalawa zimekaa juu ya mirengu yake, na ule mchanga una maji kidogo juu yake unashika mbingu yote. Ufukwe wenu Bagamoyo ndo usiseme, mrefu namna ile, vijana wanabeba mizigo vichwani maji kiunoni kupeleka jahazini. Lini umechora maji yakiwa yamekupwa? Hujawahi. Kwa sababu mtalii anapiga picha yake maji yamejaa na jua linazama, na wewe unafuata simu ya mtalii.

Halafu nikuseme kidogo, usikasirike. Ile uliyonitumia mwezi wa Ramadhani, tanga limejaa kwenda kushoto na bendera ya tezini inapepea kwenda kulia. Upepo gani huo? Babu wa nyavu akiiona ile atakufa kwa kicheko. Na wewe umezaliwa kwenye vyombo, baba yako mwenyewe alikuwa akikutuma ushike damani, mkono wako unajua upepo unatoka wapi kabla macho hayajaona. Ungechora kwa kichwa usingekosea, umekosea kwa sababu uliunganisha picha mbili za simu.

Kwa hiyo fanya hivi, ni ombi la shoga yako tu. Nenda forodhani asubuhi na mapema umande ukiwa bado unavuma, kaa, usipige picha, simu iache nyumbani wanao wachezee. Chukua penseli na kipande cha boksi, mistari miwili. Rudi ndani, geuza kiti kielekee ukuta. Anza na mbingu umalize. Najua unatumia rangi ya akriliki kwa sababu ya bei na inakauka kabla hujapepesa jicho kwa joto letu hili, basi chora ndogo, ya ukubwa wa sinia, mbingu utaiwahi. Na maji upitishe rangi nyembamba nyembamba, usiyazike.

Ya mwenye hoteli mchoree jahazi lake na mnazi wake, pesa haina adabu, ada za watoto zinataka kulipwa. Ila mpelekee na hiyo ndogo pembeni bila kumuuliza. Yule mzee alipotimiza miaka hamsini ya kazi mwaka 1887 aliwaalika watu 150 chakula, kila mmoja akaondoka na picha ya kamera ya mzee kakaa mbele ya turubai, na pale kwenye turubai ndani ya ile picha kabandika kijipicha cha bahari alichokichora kweli kwa rangi, kidogo vile. Biashara alikuwa anaijua. Wewe unaweza kufanya za ukubwa wa kadi, mtalii anatia kwenye mkoba hahitaji kuuliza mizigo ya ndege, na bei yake ukiijumlisha inashinda lile jahazi kubwa linalokaa ukutani miezi.

Alifariki 1900, Mei, miaka themanini na miwili, Feodosia kwao, na siku hiyo kulikuwa na picha kaianza ya meli inalipuka, haikuisha. Siku hizi Warusi wanasema wetu, Waarmenia wanasema wetu, Waukraine nao wanasema wetu, mie nawaacha wagombane.

Mjumbe wa harusi ya yule binti wa Chumbageni keshapita, ni baada ya mfungo sita, kwa hiyo jipange, utalala kwangu. Njoo na hiyo picha ya maji yaliyokupwa, kavu au mbichi, mie nitamwita babu aitazame. Na ule mchango wako wa sare nimeshakulipia, utanirudishia ukiuza.

Msalimie mama mkubwa sana, mwambie dawa ya mguu nimepata nitampa dereva wa basi la Jumamosi.

Ni mie shoga yako, Ngamiani